Mamba Aliyeomba Msamaha

Jumapili ile, baada ya misa ya pili, wanakwaya waliochaguliwa kwenda Togo walikusanyika katika ukumbi wa parokia, mtaa wa Makomeno, ili wafundishwe namna ya kusafiri. Walikuwa watu wazima wenye heshima zao. Wengine walikuwa na wajukuu, na wote walikuwa wamewahi kuimba mbele ya askofu bila kukosea hata noti moja, au ndivyo walivyoamini. Lakini ungewaona walivyosukumana kugombea viti vya mbele, kila mmoja ameng'ang'ania soda yake ya bure, ungedhani ni wanafunzi wa bweni siku ambayo maharagwe yamekuja na nyama.

Mbele yao alisimama Estelle Mwape.

Hapa msomaji anaruhusiwa kuvuta pumzi. Estelle alikuwa mfanyakazi wa shirika dogo la safari katikati ya mji wa Lubumbashi, na ndiye aliyekuwa ameagizwa kuongoza kundi hili mpaka Lomé na kulirudisha likiwa kamili, kazi ambayo malaika wengi wangeikataa. Alikuwa na shingo ndefu, sauti tulivu, na macho ya kumfanya mtu asahau swali lake kabla hajalimaliza. Bluzi yake nyeupe haikuwa na hata kunyanzi moja.

"Ba mama na ba papa," alianza, "Togo iko inchi kidogo. Ni nyembamba sawa mukaba ya suruali, inapanda toka ku bahari kwenda juu. Ukitoka asubuhi ku mupaka wa Ghana, utafuata bahari, utafika ku mupaka wa Bénin mbele ya mukate yako kukauka."

"Inchi kidogo vile, njo banatupandisha ndege?" ilisema sauti nzito kutoka nyuma. "Tungeenda na kinga, kupiga pedali tu."

Ukumbi ulicheka. Estelle hakucheka. Hakuhitaji kutazama ajue ni nani. Kwaya nzima ilikuwa na besi moja tu ya kutikisa vioo, nayo ilikuwa mali ya Élie Chisanga, fundi wa mafriji.

"Na ile bahari, weye Samaki," Élie aliendelea, ameegemea ukuta, mikono mifukoni, "utaiangalia tu, ao utaruka ndani ukasalimie bandugu yako?"

"Mamba, funga kinywa," alijibu Estelle kwa upole wa muuguzi. "Harufu ya meno inafika mupaka huku."

Watu walijipiga mapaja kwa furaha. Mbona msichana anatukanwa hadharani na watu wanashangilia? Jibu ni la kizamani kuliko ukumbi ule. Estelle, kwa upande wa mama yake, alikuwa wa ukoo wa Samaki, watu waliotoka Kilwa, kando ya ziwa Mweru. Élie, kwa upande wa mama yake, alikuwa wa ukoo wa Mamba. Samaki na Mamba ni watani tangu mababu, na mtani hana ruhusa ya kukasirika. Unamtukana leo, anakutukana kesho, na siku ya msiba wako yeye ndiye anayekuja kukuosha na kukucheka ukiwa hujiwezi. Kosa ni moja tu: kuomba msamaha. Mtani akikuomba msamaha amekwambia kwamba ninyi sasa ni wageni.

Wakati huo mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kijani aligeuka kwenye safu ya pili. Ndiye Maman Albertine, mama yake Estelle.

"Weye mamba bila meno," alisema, "mutoto wangu iko ku kazi. Muache!"

"Eh, gunia ya tshisense imesema!" Élie alimpungia mkono; tshisense ni dagaa wakavu wa Mweru. "Mama, ulifunga muzuri mu ile kitambaa? Paka itakunusa."

Maman Albertine alicheka mpaka akajifuta machozi. Alipomaliza kucheka, uso wake ulirudi kuwa uso wa mama mwenye mawazo.

Mawazo yenyewe yalikuwa haya. Rais wa kwaya, Papa Clément, alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Désiré, ambaye aliishi Lomé akiuza vitambaa vya pagne. Kwa mujibu wa picha iliyokuwa katika simu ya baba yake, Désiré alikuwa kijana wa miwani myeusi aliyeegemea gari. Gari lilikuwa la nani, picha haikusema. Papa Clément alikuwa amemwomba Maman Albertine kwamba, maadamu Estelle anafika Lomé, vijana waonane, wakipendana wazee waanze mazungumzo. Na Maman Albertine alikuwa ameitikia.

"Désiré eko sérieux," alikuwa amemwambia binti yake jikoni kwao mtaa wa Bel-Air, akichambua matembele. "Ule mamba yako anachekaka tu. Kucheka haiolee muntu."

"Atasema, mama."

"Myaka ngapi anasema? Anasema matusi."

"Unipe mupaka siku ya ndege. Kama asiposema neno ya kweli mbele tupande ndege, nitamusalimia Désiré sawa unavyotaka. Sitabishana."

Wakakubaliana. Ndege ilikuwa Jumatano, na Jumapili hii ilikuwa mara ya mwisho kwaya kukusanyika kabla ya safari. Ndiyo maana Estelle, kila alipomtazama yule mrefu aliyeegemea ukuta, alitazama kidogo kupita kiasi.

Somo liliendelea. Aliwaambia kwamba cheti cha chanjo ya homa ya manjano lazima kiwe mkononi, si chini ya sanduku, na si nyumbani kwa shemeji. Aliwaambia kwamba Togo wanatumia faranga za CFA, na faranga za Kongo kule ni karatasi nzuri ya kufungia karanga. Aliwaambia wasipige picha askari, mpaka, wala uwanja wa ndege.

Mkono wa mama mmoja wa sauti ya kwanza ulipanda. "Kule banakula bukari? Juu miye nilisha kupakia unga mu valise."

"Maman Daniella, kule banakula pia bukari ya mahindi, banaiita akumé. Utoe ule unga. Badouaniers, bale ba ushuru, bakiona poda nyeupe mu valise yako, utaimba alléluia peke yako, mu cachot ya polisi."

"Na bahari ni mukubwa sawa Mweru?"

"Inapita."

Minong'ono ya kutoamini ilizunguka. Watu wa Kilwa waliona wametukanwa zaidi kuliko walivyotukanwa asubuhi yote.

"Samaki anasema uongo!" Élie aliunguruma. "Hata kuogelea hajui. Muliona wapi samaki anaogopa mayi? Huyu alitoka mu frigo, ni thomson, samaki ya kugandishwa. Miye mwenyewe nilimutoa barafu mu masikio!"

Ukumbi ulipasuka. Hata Estelle alilazimika kuuma mdomo wake. Na hapo ndipo Papa Clément aliposimama.

Papa Clément aliposimama, alisimama kwa awamu: kwanza fimbo, halafu tumbo, halafu mwenyewe. Familia yake ilitoka Kasai zamani kwa kazi ya reli, na kwao mambo ya Samaki na Mamba hayakuwepo. Alikuwa ameishi Lubumbashi maisha yake yote akiamini kwamba majirani zake ni watu wasiolelewa vizuri, na kwamba wajibu wake ni kuwasubiri mpaka wastaarabike. Leo subira yake iliisha.

"Chisanga! Imetosha! Unatukana binti mbele ya watu, mu nyumba ya Mungu!"

"Papa Président, ni mutani wangu..."

"Kimya! Unajua ni nani unamutukana? Huyu binti ni wa nyumba yangu. Désiré wangu atamungojea ku aéroport ya Lomé, na maua ku mukono. Mama yake anajua. Tulisha kusikilizana. Unatukana bibi-arusi wa mutoto wangu!"

Mama wawili watatu, ambao hawawezi kusikia neno bibi-arusi wakavumilia, walipiga vigelegele.

Élie alitoa mikono mifukoni. Alimtazama Maman Albertine. Maman Albertine alitazama soda yake. Élie akamtazama Estelle. Mtazamo ule ulivuka safu zote za viti, ukapita juu ya vichwa vya watu wasiojua kitu, ukamfikia Estelle ukiwa na swali moja tu. Estelle alitaka kupiga kelele kwamba si kweli, bado si kweli, sema basi neno lako, mpumbavu wewe. Lakini alikuwa kazini, mbele ya watu, na kiburi chake kilikuwa kimepigwa pasi kama bluzi yake.

"Utaomba msamaha sasa hivi," alisema Papa Clément, "ao utatoka mu groupe. Besi tutapata mwingine."

Élie alisimama wima. Sauti ilipotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya kitabu cha shule.

"Mademoiselle Mwape, ninakuomba msamaha. Nimekukosea heshima. Sitarudia tena."

Papa Clément na wenzake wa mstari wa mbele walipiga makofi. Upande wa pili wa ukumbi hakuna aliyepiga hata moja. Mzee mmoja wa sauti ya tatu alivua kofia yake polepole, kama mtu anayepishana na jeneza. Maman Albertine alijiziba mdomo. Na Estelle, ambaye alikuwa ametukanwa na mwanaume huyu kwa miaka bila kudondosha hata chozi moja, alihisi macho yake yakiwaka kwa sababu ya maneno yale ya adabu.

"Tutapumzika kidogo," alisema. "Soda iko bado."

Élie alikuwa amekwisha kutoka.

Estelle alimkuta nyuma ya ukumbi, ambako majoho ya kwaya yalikuwa yameanikwa juani kwa ajili ya safari. Alikuwa amepiga magoti, anafunga sanduku lake la vifaa kwenye pikipiki, na alikuwa akilifunga vibaya.

"Chisanga," alisema Estelle.

"Mademoiselle."

"Ukiniita tena mademoiselle, nitakupiga na hii kiatu. Nitukane."

"Hapana."

"Nitukane, Élie!"

"Muke wa muntu hatukanwake." Hakugeuka. "Désiré anakungoja na maua."

"Na weye umekubali! Désiré akisema neno, weye unanifunga kamba, unaniweka ku balance, unaangalia kama sipite kilo, unanibeba weye mwenyewe mupaka ku ndege. Bagage! Ulinifanya bagage!"

"Mama yako njo alikubali, hapana miye."

"Mama yangu alichoka!" Estelle aling'oa joho lililokuwa kati yao, akalitupa begani. "Unajua juu ya nini alichoka? Muntu anayetaka binti anamuogopaka mama yake. Akimuona mu njia anageuza uso. Akimukuta ku soko anajificha nyuma ya mihogo. Weye unamuita gunia ya tshisense! Unakula mu sahani yake! Unamushika bega! Mama anajiambia: huyu hanitaki niwe mukwe wake, huyu anataka tu kucheka na kula bukari yangu. Na hana kosa."

"Ni mutani wangu pia."

"Njo vile. Mama mutani, miye mutani, mbwa wa nyumba mutani. Unataka nini, Élie? Usinijibu na matusi, usinijibu na heshima."

Hapa msomaji atatarajia jibu la kiume. Apoteze matumaini. Besi yenye kutikisa vioo ilifunguka, ikafungwa, ikafunguka tena, kama mlango wa friji ambalo mpira wake umechakaa. Élie alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa na alama za kuungua na gesi. Kisha alimtazama Estelle, na safari hii hakuwa na swali. Alikuwa na woga tu.

"Kila siku mu atelier," alisema hatimaye, "niko nafanya kazi, kichwa yangu inatafuta tusi mupya ya kukuletea. Asubuhi mupaka jioni. Nikiipata, nafurahi peke yangu, bakiriya ba mafriji banafikiri niko mulevi. Kama sikutukane, sina kitu ya kukuambia. Nitakuwa sawa ba Désiré, na maua."

Upepo ulipuliza majoho yakawagusa wote wawili. Estelle hakuliondoa lililomgusa uso. Alihitaji mahali pa kuufichia.

"Ile nilikuwa najua," alisema kwa sauti ndogo. "Upande wangu nilisha kuujua kitambo, weye mupumbavu. Upande wa mama njo weye haujaonyesha. Na ndege haingojake muntu."

Akaondoka. Alipofika mlangoni alijifuta macho kwa joho la sauti ya pili alilokuwa nalo begani.

Somo lilianza tena. Estelle aliwaeleza kwamba saa za Lomé ziko nyuma ya saa za Lubumbashi, kwa hiyo mtu akimpigia mumewe simu usiku ajue anamwamsha. Aliwaeleza kwamba kule pikipiki za abiria ni nyingi, na mama mwenye pagne ya kubana asipande. Aliwaeleza habari ya mchanga mzuri na minazi mizuri ya ufukwe wa Lomé.

"Lakini musiingie mu mayi," alisema. "Mayi ya pale iko na nguvu ya kuvuta. Inaonekana muzuri, kiisha inakukamata miguu, inakubeba. Hata banaojua kuogelea inababeba. Mutaangalia na macho tu. Munasikia?"

Walisikia. Papa Clément alitikisa kichwa kana kwamba bahari ile ameiumba yeye.

"Swali la mwisho?"

Mlango wa nyuma ulifunguka. Élie Chisanga aliingia, kofia kichwani, uso umekakamaa kama wa mtu anayekwenda kung'olewa jino.

"Chisanga," alisema Papa Clément kwa ukarimu, "umerudi kuomba msamaha tena? Si lazima."

"Niko na swali kwa huyu thomson."

Estelle alishika ukingo wa meza.

"Weye Samaki," sauti ilipanda, na ilikuwa ile ile ya zamani, nzito na chafu na nzuri, "weye kichwa nyepesi, magamba mingi, akili kidogo. Kama mayi ya kule inavutaka vile, na weye hauna hata nguvu ya kuogelea, ikikubeba, nani atakurudisha? Banasema kule kuko bantu beko na sufuria, banakungoja na maua. Basi uende ubaambie benye sufuria: hii samaki iko na mwenye meno. Imeshikwa kitambo. Ilioza mu kinywa ya mamba, hakuna mwingine ataweza kuila!"

"Chisanga!" Fimbo ya Papa Clément ilipiga sakafu. "Toka! Toka mu groupe! Toka mu kwaya!"

Lakini Maman Albertine alikuwa amesimama. Alitoka katika safu yake, akaja katikati ya njia, kitambaa cha kijani kimewaka kama taa ya barabarani, akamkabili kijana yule kwa karibu. Watu wa Kilwa walijinyoosha waone. Mama alikuwa anamjaribu, na kila mwenye ukoo alijua.

"Meno gani?" alisema polepole. "Weye mamba bila meno. Weye mukia wa kusafisha choo. Unijibu."

Kwa miaka yote Élie hakuwahi kushindwa kumjibu mwanamke huyu. Jibu lilikuwepo, ungeweza kuliona likipanda kooni.

Élie alilimeza.

Akavua kofia. Akainamisha macho mpaka yakatazama vidole vyake vya miguu. Kisha, taratibu, akageuza uso wake ukutani, asimwone.

Maman Albertine alisogea hatua moja. Élie alirudi nyuma, bega ukutani, akiacha njia yote iwe ya mama. Mama akasogea tena. Élie akarudi tena, akaangusha kreti ya chupa tupu, hakuomba radhi, hakuinua macho. Alirudi nyuma vivyo hivyo mpaka mlangoni, akakosa ngazi, akaanguka nje kwa kishindo. Huko nje alibaki.

Yule mzee wa sauti ya tatu alirudisha kofia yake kichwani. Maman Daniella alishika mkono wa jirani yake, jirani akamshika wa kwake, na mshikano ule ukaenda safu nzima.

Maman Albertine alitazama mlango mtupu. Halafu akafungua kitambaa chake cha kijani, akajifunika uso wote. Sauti ilitoka chini ya kitambaa, nayo haikuelekezwa mlangoni. Kuanzia saa ile mtu aliyekuwa nje, kama mkwe yeyote, hangeambiwa neno na yeye moja kwa moja.

"Estelle."

"Mama."

"Umuambie ule bwana eko inje. Mbele ya kuingia tena mu nyumba yangu, atume bantu yake bakubwa. Na kuku."

"Nitamuambia, mama."

Papa Clément alikuwa ametazama yote kwa makini makubwa, na sasa uso wake ulichanua. Alipiga makofi, polepole, mara nyingi.

"Mumeona?" alisema. "Mumeona, ndugu zangu? Kijana mukaidi, lakini nimemukemea mara mbili tu, sasa anainamisha macho mbele ya mama ya watu! Hata kumuangalia hawezi! Ile njo heshima. Nilisema siku zote, hawa banaweza kufundishwa." Alijipangusa paji la uso, ameguswa na kazi yake mwenyewe. "Kwa sababu hiyo, ninamusamehe. Namurudisha mu groupe. Na mu ndege atakaa karibu na Mademoiselle Estelle, amusaidie mizigo mupaka tumufikishe kwa Désiré."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanakwaya, walijua kushika pumzi.

Kupitia dirishani Estelle alimwona Élie amekaa chini kati ya majoho meupe, anapapasa kiuno chake kilichoumia, macho bado ameyainamisha, asije akayainua kwa bahati mbaya akamwona mkwe wake. Moyo wa Estelle ulijaa mpaka ukamwuma. Aligeuka, akakunja mikono mbele, akainama kidogo kwa Papa Clément kama msichana aliyelelewa vizuri sana.

"Asante, Papa Président," alisema. "Ninakushukuru kwa heshima yote."